Mchota Sampuli wa Lubumbashi

Lubumbashi inajulikana kwa vitu viwili vinavyoonekana kutoka mbali: bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, na terili, kile kilima cheusi cha takataka za tanuru ambacho kilikua kando yake baada ya shaba ya kwanza kumwagwa hapa Juni 1911. Wachoraji wa mji huu wameviweka viwili hivyo katika picha zao mara zisizohesabika. Wahandisi wa kiwanda walipata heshima yao, wachimbaji wakapata nyimbo zao, wenye hisa wakapata gawio lao. Asiyechorwa ni yule anayesimama mbele ya lundo la tani mia akiwa na koleo dogo na mifuko ya plastiki, akitakiwa aondoke na kilo chache zitakazosema kweli juu ya lundo zima. Ni mchota sampuli, na haya nayaandika kwa ajili yake.

Vitabu vya uongozi wa makampuni makubwa hupenda kulinganisha mifumo ya ubora: utaratibu wa Toyota, Six Sigma ya Motorola, viwango vya ISO 9001. Ulinganisho huo una faida, nami nitaufikia. Lakini kila mmoja kati ya mifumo hiyo unasimama juu ya namba, na katika mji wa madini namba huzaliwa kwenye koleo la mtu huyu. Yeye akikosea, mfumo wowote utakaojengwa juu yake utakuwa unarekebisha kitu kisichokuwepo.

Tuanze na lundo lenyewe. Lori likimwaga mawe ya mukuba, yaani ya shaba, mawe hayo hayabaki yamechanganyika. Makubwa hubingirika hadi chini pembeni. Madogo na vumbi hubaki katikati. Na malakaiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, ni laini kuliko mengi ya mawe yanayoambatana nalo. Likigongwa huvunjika upesi likawa unga, ndiyo maana mara nyingi vumbi huwa na shaba nyingi kuliko mawe makubwa. Mtu asiyejua kazi hufika, huinama, huchota pembeni pale mkono unapofikia bila taabu, kisha hupeleka maabara mawe ambayo ni maskini kuliko lundo yalikotoka. Hakuhongwa wala hakukusudia kudanganya. Amechota tu penye urahisi, na kwa urahisi huo mwenye mgodi amepoteza fedha. Fundi mzoefu analiona kosa hilo kabla halijatendeka. Kijana humuuliza, "Papa, tuchote hapa?" naye hujibu, "Hapana, mwanangu. Huku njo mawe makubwa yamekimbilia."

Njia anayoifuata ni ya kale, na bado inafundishwa kwa sababu mtu anaweza kuifanya kwa koleo, ubao na sakafu safi ya saruji. Mawe yaliyosagwa humwagwa polepole juu ya nukta moja mpaka yawe kichuguu chenye ncha. Ubao hukandamiza kile kichuguu kiwe bapa na cha mviringo, halafu hugawanywa kwa msalaba sehemu nne. Robo mbili zinazotazamana hutolewa, mbili nyingine huchanganywa upya na kurundikwa tena. Hivyo hivyo, mara nyingine na nyingine, mpaka kilichobaki kinaingia mfukoni. Ukiitazama haraka utadhani ni kazi ya kibarua. Tazama mikono. Koleo huinuliwa kwa kimo kilekile kila mara, na mawe huangukia nchani, kamwe si ubavuni, ili yateremke sawasawa pande zote. Msalaba hukatwa katikati hasa. Ukienda upande mmoja hata kwa upana wa vidole viwili, robo si robo tena. Mwisho huja brashi. Fundi huinama akafagia sakafu ya zile robo mbili alizozichagua hadi vumbi la mwisho, kwa sababu anajua vumbi ndilo tajiri. Na akifagia, hatii ndani hata punje ya robo za jirani.

Maabara kubwa zina vyombo vya kugawa vyenye mifereji inayopeleka mawe kushoto na kulia kwa zamu, na viwandani kuna mashine zinazokata mkondo wa mawe yakiwa bado juu ya mkanda. Hizo ni bora, nami sibishani nazo. Hata hivyo mashine hizo zilibuniwa kutimiza sharti lilelile ambalo mikono ya fundi ilikuwa ikilitimiza: kila punje ndani ya lundo iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, ikiwa kubwa au ndogo, ikiwa juu au chini.

Halafu kuna maji. Hapa Katanga mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili, na mzigo uliolala nje hunywa. Mnunuzi halipii maji. Chukua lori lenye tani 30 ambalo unyevu wake ni asilimia 8: humo mna tani 2.4 za maji ya mvua zinazosafiri bure. Kosa la asilimia moja tu katika kupima unyevu huo ni kilo 300 za mzigo, na malori hayaendi moja moja. Kwa sababu hiyo sampuli ya unyevu ina haraka yake. Huchotwa mzani ukiwa bado unasomwa, hufungwa isipumue, hupimwa uzito, hukaushwa kwa nyuzi 105 hadi uzito uache kushuka, na kupimwa tena. Mfuko ulioachwa wazi juani kwa muda wa chakula cha mchana tayari umeanza kusema uongo. Kiangazi kina hatari yake nyingine, upepo, unaopeperusha lile vumbi tajiri kutoka kwenye koleo. Fundi huupa upepo mgongo bila kuagizwa.

Elimu ya haya yote ilipata hesabu yake kutoka Afrika ya Kati. Mwaka 1946 mhandisi kijana Mfaransa, Pierre Gy, alikwenda kufanya kazi katika mgodi wa risasi wa M'Fouati, katika Kongo ya Brazzaville ya leo. Huko aliombwa akadirie lundo kubwa la mawe hafifu lililokuwa limelala kwa miaka: je, lina madini ya kutosha kulipa gharama ya kulisafisha? Akatafuta kanuni ya kumwambia achote kiasi gani, na hakuipata ya kumtosha. Maisha yake yaliyobaki, hadi alipofariki mwaka 2015, aliyatumia kuitengeneza. Katika hesabu yake yamo mambo mengi, lakini moja kila mchota sampuli analijua hata kama hajawahi kulisikia jina la Gy: uzito wa sampuli unaohitajika hukua kwa mchemraba wa ukubwa wa jiwe. Jiwe kubwa kabisa katika lundo likiwa na upana wa milimita 40, ukalisaga likawa milimita 10, umegawa upana kwa 4. Sampuli unayohitaji imegawanyika kwa 64. Pale ulipohitaji kilo 640, sasa kilo 10 zinatosha kwa uhakika uleule, mengine yakibaki sawa. Saga kwanza, gawa baadaye. Anayegawa kabla ya kusaga anaokoa saa moja na kuharibu kazi ya siku.

Sasa tuje kwenye mifumo.

Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Western Electric huko Marekani, alimwandikia mkubwa wake karatasi fupi yenye mchoro. Katika mchoro huo alitenganisha mabadiliko ya namna mbili: yale ya kawaida, ambayo kila kazi huwa nayo hata ikienda vizuri, na yale yenye sababu yake maalumu, yanayostahili mtu aondoke kitini kwenda kutazama. Mwaka huohuo huko Japani Sakichi Toyoda alikamilisha mashine ya kufuma iliyojisimamisha yenyewe uzi ulipokatika. Kutoka kwa Shewhart tulipata chati za udhibiti, na W. Edwards Deming akazifundisha Japani mwaka 1950. Kutoka kwa Toyoda kulikuja wazo ambalo kiwanda cha magari cha familia yake kililifanya kamba: mfanyakazi yeyote akiona kasoro, anavuta, na mstari unasimama mpaka chanzo kipatikane. Six Sigma ilizaliwa Motorola mwaka 1986, ikapata umaarufu General Electric ilipoichukua mwaka 1995. Lengo lake ni kasoro zisizozidi 3.4 katika nafasi milioni moja. ISO 9001 ilitoka mwaka 1987, ikifuata sana kiwango cha Uingereza cha mwaka 1979, na inachodai ni kwamba kampuni iandike inavyofanya kazi, ifanye ilivyoandika, na iweze kuonyesha ushahidi.

Katika mifumo hiyo yote ninauheshimu zaidi wa Toyota, kwa sababu umemwamini mtu wa chini na kumpa mamlaka ya kusimamisha kazi ya wakubwa. Lakini kamba yake ilizaliwa kwenye magari. Tanuru la kuyeyushia halina kamba. Likisimamishwa ghafla, kilichoyeyuka huganda ndani, na kulifungua ni kazi ya nyundo na siku nyingi. Six Sigma nayo huhesabu kasoro moja moja, na katika mto wa metali inayomiminika hakuna kipande cha kunyoshea kidole. Lazima wanaohesabu wakubaliane kwanza kasoro ni nini. Niitendee haki: hatua zake tano zinaweka kupima kabla ya kuchambua, na zinataka kipimo chenyewe kipimwe. ISO inaweza kuwa nzuri sana au ikawa makabati ya mafaili, kutegemea nani anaishika. Jambo moja imelifanya kwa uzuri usio na shaka: kuna kiwango chake, namba 12743, kinachoeleza namna ya kuchota sampuli za makinikia ya shaba, risasi, zinki na nikeli. Kazi ya yule mwenye koleo imeandikwa huko hatua kwa hatua na mataifa yakakubaliana.

Kwa mji huu, naona chati ya Shewhart ndiyo inayokaa karibu zaidi na mchota sampuli. Namba inayotoka maabara imebeba mitikisiko mitatu kwa pamoja: wa tanuru au mgodi, wa uchotaji, na wa maabara yenyewe. Mara nyingi wa uchotaji ni mkubwa kuliko wa maabara, na ndio usiotazamwa. Chukulia sampuli zinachotwa ovyo. Leo chati inapanda. Mhandisi anapunguza koki. Kesho inashuka, anaongeza. Tanuru lenyewe halikuwa na tatizo lolote mpaka alipoanza kulisumbua. Deming aliwaonya watu juu ya tabia hiyo maisha yake yote. Dawa yake huanzia chini. Kila baada ya sampuli kadhaa fundi huchota pacha, sampuli ya pili kutoka lundo lilelile, na kuipa namba nyingine ili maabara isijue. Mapacha wakikubaliana, koleo linaaminika. Wakitofautiana, tanuru halihusiki, na mtu anarudi sakafuni kutazama jinsi msalaba unavyokatwa.

Nimesema mawe, lakini kazi haiishii kwenye mawe. Shaba ya leo ya Katanga huuzwa sana kama katodi, bamba za takriban mita moja kwa mita moja zinazokua ndani ya mabirika ya tindikali kwa nguvu ya umeme. Daraja A la soko la metali la London linadai shaba asilimia 99.9935. Uchafu wote ukiwekwa pamoja, risasi, salfa, chuma, fedha na vingine, usizidi gramu 65 katika tani. Bismuthi peke yake isipite gramu 2. Hapo hata hewa ya chumba ina lawama. Bamba lenye vinundu vinundu usoni linamwambia mwenye macho kwamba humo birikani umeme ulipata njia ya mkato, na vinundu hivyo huweza kunasa maji yenye uchafu ndani yake. Wafanyakazi hutembea juu ya mabirika na kifaa cha kupima sumaku wakizitafuta njia hizo za mkato. Na bamba likitoka, mchota sampuli hulitoboa kwa mpangilio uliowekwa, katikati na pembeni, kwa sababu bamba nalo, kama lundo, halina usawa.

Ukitaka kujua urithi huu una umri gani, nenda Makumbusho ya Taifa hapahapa Lubumbashi utazame misalaba ya shaba. Karne nyingi kabla ya Union Minière, kampuni ya shaba ya enzi ya ukoloni, mafundi wa kuyeyusha shaba wa nchi hii, walioitwa wala shaba, walijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu cha mchwa na kuchagua makaa ya mti wa mubanga, kwa sababu walijua moto wake. Misalaba yao ilisafiri hadi kwenye makaburi ya bonde la Upemba, ambako wachimbuaji wa mambo ya kale, Pierre de Maret akiwa mmoja wao, waliipata ikiwa imelala pamoja na wafu. Ya zamani ni mikubwa na ya kila ukubwa. Kadiri karne zilivyosonga ikawa midogo na ikafanana zaidi na zaidi, na de Maret akaona humo metali ya heshima ikigeuka fedha ya kununulia. Mimi naona pia udhibiti wa ubora. Kufananisha mamia ya vitu vya metali iliyoyeyuka, bila mizani ya maabara, kunahitaji kalibu inayotunzwa, jicho linalokataa, na mkubwa wa tanuru anayerudisha motoni msalaba uliotoka vibaya. Wateja wa Upemba walikuwa wakaguzi wake.

Siku hizi ukaguzi una utaratibu wake, na kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Sampuli ya mwisho haiwi mfuko mmoja. Hugawanywa mifuko kadhaa inayofanana, kila mmoja ukapigwa muhuri mbele ya wahusika: wa muuzaji, wa mnunuzi, wa ofisi za serikali kama OCC na CEEC, na mmoja au miwili ya akiba. Muuzaji hupima wa kwake, mnunuzi wa kwake, na majibu hubadilishwa kwa wakati mmoja ili asiwepo wa kuona la mwenzake kwanza. Tofauti ikiwa ndogo kuliko kiwango kilichoandikwa mkatabani, huchukuliwa wastani. Ikizidi, mfuko wa akiba hupelekwa kwa maabara ya tatu, mwamuzi, na kwa kawaida aliyekuwa mbali zaidi na jibu la mwamuzi ndiye anayelipa gharama. Tazama busara iliyomo. Hakuna aliyeombwa awe mwaminifu; kila mmoja amewekewa sababu ya kuwa mwaminifu. Na bado yote yanategemea mifuko ile ifanane, yaani yanategemea brashi ya yule aliyefagia sakafu.

Kwa mchimbaji mdogo mambo hayako hivyo, na hilo linaniuma. Yeye huleta magunia kwenye kituo cha kununulia, na mnunuzi hutoa mashine ya mkononi, ambayo katika Katanga watu huiita Metorex, akaigusisha kwenye jiwe na kusoma asilimia. Mashine ni nzuri. Lakini inasoma uso uliogusana nayo tu, na nani amechagua ni uso gani? Mwenye mashine. Hapagawanywi robo nne, hapana mfuko wa akiba wala mwamuzi. Wachimbaji wanapolalamika kwamba asilimia imepunguzwa, watu wengi huona ni ugomvi wa bei. Mimi naona ni ugomvi wa sampuli, nao una dawa inayojulikana: chekecheo, sakafu safi, koleo, ubao na mtu aliyefundishwa, akisimama pale bila kuajiriwa na mnunuzi. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kinachopotea.

Mafundi wa namna hiyo mji huu ulikuwa nao kwa wingi. Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, uporaji na fukuzafukuza ya watu wa Kasai kutoka Katanga vikafuata. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wazee walikuwa wakisema kazi njo baba, kazi njo mama, na watoto wao wakaitwa yatima wa baba huyo. Tumeandika sana juu ya mishahara iliyokatika, shule na hospitali zilizofungwa, na ni haki. Kuna hasara nyingine ambayo haikuandikwa vya kutosha: mikono iliyojua kimo cha koleo iliondoka bila kumfundisha mtu.

Baadhi yake inatakiwa tena, na palepale kwenye terili. Kilima kile kimebeba kobalti, shaba na zinki ambazo matanuru ya zamani hayakuzichukua, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kimekuwa kikiyeyushwa upya. Mwaka 2024 STL, kampuni tanzu ya Gécamines, ilituma kwa Umicore huko Ubelgiji shehena ya kwanza ya makinikia ya germaniamu yaliyotolewa humo, madini yanayotumika katika nyuzi za mawasiliano ya intaneti na lenzi za kuona usiku. Germaniamu katika takataka za tanuru huhesabiwa kwa gramu katika tani. Kilima kilimwagwa kwa muda wa miaka mingi, kutoka migodi tofauti, na kila tabaka lina tabia yake. Ili kujua wapi pa kuanza kuchimba, lazima kitobolewe kutoka juu hadi chini kwa mistari iliyopimwa, kila mita iwe na mfuko wake na namba yake, kila mfuko usagwe kabla haujagawanywa, na kila baada ya mifuko kadhaa awepo pacha asiyejulikana na maabara.